Mbwa-Mwitu Anayengoja

Miaka miwili iliyopita nilinyamaza katika kikao ambamo nilipaswa kusema. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti wa Mikumi, alikuwa amesimama mbele ya jopo la walimu, nami nikiwa mmoja wao, akitetea pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza namna wasichana wa sekondari wilayani Kilosa walivyoipokea juzuu ya nne ya mfululizo wa hadithi za Stephenie Meyer, iitwayo Breaking Dawn, ile ambamo kijana anayegeuka mbwa-mwitu anafungamana kwa maisha yote na mtoto mchanga aliyezaliwa siku hiyohiyo. Mwenzetu mmoja alicheka. Mwingine aliuliza kama chuo kimeishiwa mada mpaka tuwatafiti mbwa wa Marekani. Wa tatu, ambaye namheshimu hadi leo, alisema kwa upole kwamba maoni ya wasichana wa kidato cha tatu juu ya kitabu cha mapenzi si uhakiki, ni soga. Pendekezo likakataliwa. Mimi nilikuwa nachorachora kwenye karatasi. Binti yule akaandika utafiti mwingine juu ya methali, akafaulu vizuri, na mambo yakaisha.

Hayakuisha kwangu. Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Kwa msomaji asiyeufahamu mfululizo huo, nieleze kwa kifupi. Juzuu ya kwanza, Twilight, ilitoka mwaka 2005. Ya pili ikafuata 2006, ya tatu 2007, na ya nne tarehe 2 Agosti 2008. Katika siku yake ya kwanza madukani juzuu hiyo ya nne iliuza nakala milioni 1.3 nchini Marekani. Ni hadithi ya msichana Bella, mpenzi wake Edward ambaye ni mnyonya damu, na rafiki yake Jacob, kijana wa kabila la Waquileute ambaye yeye na wenzake hugeuka mbwa-mwitu. Katika hadithi hiyo mbwa-mwitu wana jambo moja la ajabu: mmoja wao anaweza kumtazama mtu mara moja tu, na tangu hapo nafsi yake ikanaswa na mtu huyo daima. Hachagui. Hawezi kukataa. Jacob, aliyempenda Bella kwa juzuu mbili nzima, ananaswa na binti mchanga wa Bella dakika chache baada ya mtoto kuzaliwa.

Wasomaji walikasirika, tena si maadui wa mfululizo bali wapenzi wake, walioupanga foleni usiku wa manane. Wengine walihimizana kuvirudisha vitabu madukani na kudai fedha zao. Wapo waliochukizwa na mambo mengine, kwamba vita iliyotayarishwa kwa kurasa mia kadhaa haikupiganwa, au kwamba kila mtu alipata alichotaka bila kulipa chochote. Lakini suala la Jacob na mtoto ndilo lililowakaa kooni. Wakubwa wa magazeti, kama walivyo wakubwa wa vyuo, waliona kichekesho: mabinti wanalia kwa sababu ya kitabu.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipotuzidi sote akili. Aliona kwamba utetezi wa Jacob ndani ya kitabu ni utetezi anaoujua tangu utotoni mwake. Kitabu kinasema Jacob hana nia mbaya. Kwa sasa atakuwa kama kaka, mlinzi, mtu wa kucheza na mtoto. Atakuwa chochote ambacho mtoto anahitaji, na mapenzi yatakuja wakati wake. Tena mtoto huyo si wa kawaida, hukua upesi, na baada ya miaka saba hivi atakuwa mtu mzima kabisa. Kwa hiyo ubaya uko wapi? Anangoja tu.

Katika pendekezo lake binti yule alikuwa ameandika sentensi moja ambayo sisi jopo tuliipita bila kuisoma. Aliandika kwamba Mikumi wako wanaume wengi wanaongoja.

Mwaka huu, wakati wa likizo ndefu, nilikuwa na safari ya msiba Kilosa. Nilimpigia simu binti yule, ambaye sasa anafundisha kwa kujitolea nyumbani kwao, nikamwomba anikutanishe na wasichana wale kama bado wapo. Alicheka, akasema, "Wapo, Dokta, ila si walewale. Wale walishamaliza. Kitabu kimerithiwa." Basi lilivuka hifadhi asubuhi, twiga wakiwa kando ya barabara kama kawaida, likanishusha Mikumi kwenye kituo cha malori. Anayepita hapo kwa kasi huona chipsi, vitunguu na nyumba za kulala wageni. Magari yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo hulala hapo, na madereva wake hufahamika kwa majina ya utani hata na watoto wa shule ya msingi.

Tulikutana kwenye baraza ya mwalimu mmoja mstaafu. Wasichana saba walinipa shikamoo zao, kisha wakaniangalia kama wanafunzi wanavyomwangalia mkaguzi. Kitabu chenyewe kimepoteza jalada, kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Inasemekana kiliachwa na mgeni wa kujitolea. Msichana mmoja husoma Kiingereza kwa sauti, mwingine hueleza kwa Kiswahili, wa tatu hupinga tafsiri. Filamu zake mbili, za mwaka 2011 na 2012, wamezitazama kwenye simu, zikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ambaye, pale Jacob anapopiga magoti mbele ya mtoto, aliweka utani ambao sitaurudia. Wanasema ndipo walipoacha kucheka naye.

Ubishi wa kwanza niliousikia ulikuwa wa jina. Huyu mnyama aitweje? Mbwa-mwitu wa hifadhini kwao ni mwembamba, ana madoa na masikio makubwa ya mviringo, na huwinda kwa kundi. Hafanani hata kidogo na mnyama wa filamu, mkubwa kama farasi. Mmoja alitaka aitwe fisi, kwa kuwa bibi yake, Mkaguru, anajua habari za wachawi na fisi wao tangu zamani, na hajawahi kusikia mchawi wa mbwa. Mwingine akasema hapana, huyu ni mtu-simba. Nikawaeleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilifungua kesi za mauaji kule Singida ambayo watu waliyahusisha na watu-simba, na kwamba mahakamani jambo halikuwa manyoya wala makucha. Lilikuwa swali la nani alimtuma nani na kwa malipo gani. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha yule msomaji wa Kiingereza akasema, "Basi hata huyu tumuulize hivyohivyo."

Ninawaomba wenzangu wa jopo wakisome tena kifungu hicho cha mazungumzo. Mnauliza Tanzania iko wapi katika utafiti huu? Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unapita kijiji kiitwacho Ulaya. Ndiyo, Ulaya, iko wilayani Kilosa, ina wakulima wa mahindi. Jina la mbali halikifanyi kitu kiwe cha mbali.

Waliyoyasema kuhusu kitabu nitayaeleza kama nilivyoyaandika, bila kuyapamba. Kwanza walimhukumu mama. Bella, anapoambiwa habari ya Jacob na mwanawe, anashikwa na hasira kali na kumrukia. Wasichana walifurahi sana hapo. Lakini kabla kitabu hakijaisha, mama huyohuyo amekwisha kubali, hata anamkabidhi Jacob mtoto pamoja na hati za kusafiria ili, hatari ikija, atoroke naye. "Alikasirika mpaka alipoletewa sababu nzuri," alisema mmoja. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa kimya akichambua mchele, aliinua kichwa akasema kwamba amewahi kuona sababu nzuri za namna hiyo. Moja ilikuwa na mabati thelathini.

Kisha wakaingia kwenye suala la hiari, na hapa nilijifunza kitu. Mimi nilidhani wanapinga kwamba mtoto hakuulizwa. Walipinga hilo, lakini kilichowakera zaidi ni kwamba hata Jacob hakuulizwa. Kitabu kinamtoa kwenye hatia kabla hajatenda: hakutaka, hakupanga, lilimshukia. "Hiyo ni shetani alinipitia," alisema msichana wa kidato cha nne, na wote wakaangua kicheko. Nimefundisha nadharia ya fasihi kwa miaka kumi na tisa. Sijapata mwanafunzi aliyeweka kidole kwenye ufundi wa mwandishi kwa usahihi kama huo, kwamba miujiza ya hadithi imewekwa mahali hasa ambapo swali la maadili lingepaswa kuulizwa, ili lisiulizwe.

Jambo la tatu walilivumbua wenyewe na mimi sikuwa nimeliona. Katika juzuu ya tatu tayari kuna mbwa-mwitu mwingine, Quil, ambaye amenaswa na mtoto wa miaka miwili aitwaye Claire. Wasomaji walipita hapo. Hawakuhimizana kurudisha vitabu mwaka 2007. Kwa nini? Kwa sababu Quil ni mtu wa pembeni, na Claire ni mtoto wa jirani. Kelele zilianza lilipomfika mtoto wa mhusika mkuu. Msichana aliyelisema hilo hakulisema kwa kujisifu. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa.

Naongeza hapa jambo la pembeni ambalo niliwaambia nao wakalipenda. Waquileute si watu wa kubuniwa. Wapo, wanaishi La Push katika jimbo la Washington, na masimulizi yao ya kale yanawaunganisha kweli na mbwa-mwitu. Lakini habari ya mwanamume kunaswa na mtoto haimo katika masimulizi hayo. Aliitia mwandishi, kisha akaiita mila ya kale ya kabila. Ndiyo maana sitataja kabila lolote katika makala hii kama mwenyeji wa ndoa za utotoni. Kila anayemtaka mtoto hutafuta mila ya kujisitiri, na kila anayetaka kukwepa kesi hutaja kabila la mwenzake.

Si wote waliompinga Jacob. Haki inanitaka niseme hivyo. Msichana mmoja, mwenye sauti ndogo, alimtetea tangu mwanzo, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alisema, "Yeye angalau haondoki." Wenzake hawakumjibu. Baba wa wasichana wanne kati ya saba hawapo nyumbani. Mwalimu aliniambia baadaye. Wakati wahakiki wanapowacheka mabinti kwa kupenda hadithi ya mwanamume asiyeondoka, wangefaa kuuliza kwanza ni nani aliyeondoka.

Mazungumzo yalipokuwa yanaelekea kwisha, msichana aliyekuwa kimya muda wote alisema kwamba yeye anaye wa kwake. Sikuelewa. Akaeleza kwamba kuna mtu mzima, mfanyabiashara, anayemnunulia sare, madaftari na viatu tangu alipokuwa darasa la sita. Nyumbani wanamwita mjomba. Hajawahi kumgusa, hajawahi kumwambia neno baya. Amewaambia wazazi kwamba anangoja amalize kidato cha nne, na wazazi wamekubali. "Katika kitabu ni miaka saba," alisema. "Mimi umebaki mwaka mmoja na miezi miwili."

Nilikwenda kwa afisa mmoja mwenye dhamana ya mambo ya watoto. Sitamtaja, wala ofisi yake, kwa kuwa nimekutana na wengine wa namna yake mahali pengi na si haki kumwekea mzigo wao wote. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Aliposikia habari ile aliuliza maswali mawili: je, binti anaendelea na shule? Je, mzee huyo amemgusa? Nilipojibu, alifungua mikono yake na kusema, "Sasa Dokta, kosa liko wapi?"

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnaosoma ukurasa huu kila wiki na kuniandikia kwamba mimi huwa mkali kwenu, leo naomba tuende pamoja hatua kwa hatua, kwa sababu afisa yule hakuwa mwongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata kwa miaka 14, ilhali mvulana anatakiwa awe na miaka 18. Kifungu cha 17 kinamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba yake, au ya mama ikiwa baba hayupo duniani, au ya mlezi. Yaani ridhaa inayohesabiwa ni ya mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita huyuhuyu mtoto hadi afikishe miaka 18. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ni adhabu nzito na ninaiunga mkono. Lakini tazama inachokilinda: uanafunzi. Siku binti anapotoka chumba cha mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, kinga hiyo inamvuka kama mvua ya kupita, na chini yake inabaki sheria ya 1971 pamoja na mzazi aliyekwisha kukubali na mwanamume aliyengoja kwa subira. Sheria zetu mbili zikisomwa pamoja zinamwambia mwanamume huyo maneno yaleyale ambayo kitabu kinamwambia Jacob.

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Tangu hapo tumeona kamati, mashauriano, ziara za kukusanya maoni, na ahadi kwamba jambo hili linahitaji muda kwa kuwa linagusa imani na desturi za watu. Mwaka mmoja wa mahakama ulikwisha, miaka mingine ikafuatia. Wasichana waliozaliwa mwaka ule wa 2016 watafika umri wa kifungu cha 13 kabla hatujamaliza kushauriana, tukiendelea kwa mwendo huu.

Wapo watakaosema nimechanganya mambo: hadithi ni hadithi, sheria ni sheria. Nimesikia. Sikisifu kitabu kile. Ni kirefu kupita kiasi, na Bella ni mhusika ambaye ningependa mtu amwamshe. Wala sidai kwamba kitabu kilimleta mfanyabiashara yule. Alikuwapo kabla. Ninachosema ni kwamba msichana yule aliishi miaka kadhaa na jambo ambalo halikuwa na jina, kwa sababu kila mtu aliyemzunguka aliliita wema: sare ni wema, viatu ni wema, kungoja ndiko wema mkubwa kuliko wote. Jina alilipatia katika ubishi juu ya juzuu ya nne, aliposikia wenzake wakimkataa Jacob pamoja na wema wake wote. Sisi tungempa nini badala yake? Semina? Bango lenye namba ya simu ya bure?

Na wenzangu wa chuo, mlioita mambo haya soga: wasichana wale walibainisha nafasi ya ridhaa katika muundo wa hadithi, wakaona jinsi msimulizi anavyomsafisha mhusika kwa kumnyima uwezo wa kuchagua, wakafuatilia dalili ya jambo kutoka juzuu moja hadi nyingine, na wakajadili tafsiri ya neno moja kwa hoja za mazingira na za masimulizi ya bibi zao. Kama mwanafunzi wa uzamili angeniletea nusu ya hayo ningempa alama ya juu. Tofauti ni kwamba hawakutumia istilahi zetu, na kwamba walikuwa na sababu ya kusoma.

Binti wa Mikumi amekubali kuomba nafasi ya uzamili, kwa mada ileile na kichwa kilekile cha habari, bila kubadili neno. Nimetia saini kama msimamizi. Jopo litakaa mwezi ujao, wajumbe ni karibu walewale, nami sitakuja na karatasi ya kuchorachora. Kuhusu yule msichana mwingine, mwalimu mstaafu amekwenda mara mbili kwa wazazi wake. Mara ya kwanza walimpa chakula. Mara ya pili hawakumfungulia mlango. Viatu vyake vya shule, vile alivyonunuliwa, amevirudisha kwa mwenyewe kwa mkono wake, na sasa anakwenda shule na kandambili, jambo ambalo limempatia adhabu mbili za kuchelewa getini kwa kuvunja kanuni ya mavazi. Nimetuma viatu kwa basi la jana.